Njoo, Nenda, Lete

Amri ya kukubali ndiyo kazi nyepesi kuliko zote ambazo Kiswahili kimempa mwanafunzi wa sarufi. Kitenzi huvuliwa ku- yake, kilichobaki hutamkwa kwa sauti ya kutosha, na anayeambiwa hutenda au huuliza kwa nini yeye. Kusoma hutoa soma, kulima hutoa lima, kuingia hutoa ingia. Hakuna kiambishi cha nafsi, hakuna cha wakati, hakuna ngeli ya kumnyima mtu usingizi. Msafiri anayefika steji ya Marani alfajiri akitaka kuteremka mjini Kisii anaweza kulimaliza somo hili lote kabla gari halijawashwa. Gari lenyewe ni Probox, limeundwa kwa ajili ya watu watano, na kondakta wake hana hali nyingine ya kitenzi isipokuwa ya kuamuru: ingia, sogea, kaa upande, pakata mtoto, funga mlango, fungua, funga tena. Abiria wa tisa anapoambiwa "ingia", sarufi iko sawa kabisa. Kasoro iko kwenye gari.

Vitenzi visivyoishia kwa -a, vingi vyake vikiwa vimetoka Kiarabuni, ni vyepesi zaidi kwa sababu havina cha kubadilisha: rudi, jibu, fikiri, samehe. Hivi havijawahi kumkosesha mtu alama, angalau mpaka wasikilizaji wazidi mmoja, na jambo hilo litafika mahali pake.

Taabu ya kwanza huja na vitenzi vifupi, vile ambavyo mizizi yake ina silabi moja tu: kula, kunywa, kufa, kuwa. Kiswahili hutia mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na neno la silabi moja halina silabi ya pili kutoka mwisho wala kutoka popote. Ndiyo maana ku- haiondoki. Inabaki bila maana yoyote, kazi yake ni kuubeba mkazo tu, na amri huwa kula na kunywa. Faida ya mpango huu huonekana haraka mtu anapoujaribu mpango mwingine. Mwenyeji anayemhimiza mgeni kwa kumwambia "La, la!" huku akimsogezea sahani atakuwa amemkataza kugusa chakula, tena mara mbili.

Orodha ya vitenzi hivi huandikwa ubaoni katika kila darasa la msingi nchini Kenya, na mwalimu huisoma kwa mwendo wa kawaida hadi afikie kunya. Hapo hukohoa, hueleza kwamba hicho ni kitenzi cha mvua, na hupita. Ukweli ni kwamba mvua haiamriwi, hasa Marani ambako hunyesha bila kuombwa, kwa hiyo hakuna hasara. Kufa nayo haina matumizi makubwa kama amri, ukiacha kesi za mipaka ya mashamba.

Mtoto wa Marani hukutana na vitenzi hivi akiwa tayari ana Ekegusii, lugha yake ya mama, kichwani, na Ekegusii hakina haja ya kumwekea silabi ya akiba. Okoria ni kula, na amri yake ni ria. Okonywa ni kunywa, na amri yake ni nywa, neno fupi lakini halimchoshi mtu. Ingetarajiwa basi kwamba mtoto huyo angesema "nywa chai" kwa Kiswahili. Wapo wanaosema hivyo, lakini si wengi, kwa kuwa ku- inayong'ang'ania ni jambo linaloshikika upesi. Ajali ya hapa hutokea kwenye sauti. Ekegusii hakina l katika maneno yake ya asili, kina r, na mzee aliyejifunza Kiswahili ukubwani huipitisha kula kwenye mdomo ule ule uliozoea ria. Matokeo ni "kura".

Kila miaka mitano matamshi haya huwa na uzito wa pekee. Mama mwenye nyumba ameweka mezani ugali wa wimbi na chinsaga iliyolazwa kwenye maziwa usiku kucha, mboga ambayo uchungu wake umetulizwa kwa subira. Mgombea ameingia na watu wake sita, ameketi, anaangalia saa. "Kura, mwanangu," mama anahimiza. "Kura, usione haya!" Mgombea anasimama, anampa mkono kwa mikono miwili, anamwambia kwamba hizo ndizo alizokuja kuzitafuta na kwamba hatamsahau. Mama anafurahi kuona kijana mwenye shukrani, ingawa haelewi kwa nini anaondoka bila kunawa. Pande zote mbili huachana zimeridhika, na chinsaga huliwa na jirani.

Baada ya vitenzi vifupi sarufi huvunjika mahali patatu. Kuja, ambayo kwa kanuni iliyotajwa ingekaa kuja kama kula ilivyokaa kula, hutoa njoo. Kwenda hutoa nenda, yenye n ambayo haikuonekana ikiingia. Kuleta hutoa lete, ingawa hakuna anayeisukuma ile -a ya mwisho igeuke -e. Nenda angalau ana ukoo unaojulikana, kwa maana kipo kitenzi cha zamani, kuenenda, ambacho bado kinasikika kanisani katika enendeni ya Biblia na kimeacha neno mwenendo nyuma yake. Lete na njoo hawana haja ya kujieleza. Mwanafunzi huambiwa awakariri, basi.

Tatu si deni kubwa kwa lugha yenye maelfu ya vitenzi. Kihispania kinadaiwa nane katika amri ya kumwambia mtu mmoja wa karibu: di, haz, ve, pon, sal, sé, ten, ven, yaani sema, fanya, nenda, weka, toka, kuwa, shika, njoo. Mwenye kulalamika juu ya njoo na afikirie hali ya mwanafunzi anayeambiwa kwamba ve ni nenda na pia ni tazama, na kwamba sal ni toka na pia ni chumvi, hivi kwamba mtu anayeipaza sauti hiyo mlangoni mwa jikoni anaweza kuwa amemfukuza mpishi au amemwagiza. Kinachovutia ni kwamba lugha hizi mbili, ambazo hazikuwahi kushauriana, zimevunjika karibu mahali pale pale. Njoo na nenda zimo katika orodha zote mbili.

Sababu inajulikana. Maneno yanayotumiwa kila dakika huweza kubaki na umbo lao la kale kwa kuwa hayapati muda wa kusahauliwa. Mtoto wa Unguja husikia njoo kabla hajaweza kutembea, mara nyingi ikiwa imeambatana na mikono iliyonyooshwa, na hulikariri neno zima kabla hajajua kwamba kuna kitu kinaitwa kuja. Kanuni inapomfikia, inakuta kiti kimekaliwa. Kwa hiyo kitenzi kisicho kawaida huishi vizuri mahali lugha inapofundishwa mapajani.

Marani Kiswahili hakifundishwi mapajani. Mapajani kuna Ekegusii. Kiswahili hukutwa baadaye, steji, sokoni, redioni na darasani. Na sokoni ni lazima kiwepo, maana wafanyabiashara Wajaluo wa kutoka upande wa Oyugis huita kwa bi, huagiza kwa kel, na mwenye mkungu wa ndizi asiyejua Dholuo anahitaji lugha ya katikati ili wagombane bei vizuri. Tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kimekuwa somo la lazima lenye mtihani wake, na Katiba ya 2010 ikakifanya lugha rasmi juu ya kuwa lugha ya taifa. Mtoto hukutana basi na kanuni kwanza, tena ikiwa na alama za mtihani nyuma yake, na yale mambo matatu yanayoikiuka humfikia baadaye. Anafanya anachofanya kila mtu mwenye akili: anaifuata kanuni. Anasema kuja, enda, leta.

Hapa walimu hushika vichwa, na hapa ndipo haki inapaswa kutendeka. Kula hubaki kula. Kunywa hubaki kunywa. Kuja, chenye mzizi wa silabi moja kama wenzake, kibaki nini? Anayesema "Kuja hapa!" ameitumia kanuni barabara. Anayesema "Enda!" ameondoa ku- kama alivyoagizwa. Anayesema "Leta!" ameiacha -a mahali alipoikuta. Watatu hao ni wanafunzi watiifu kuliko lugha yenyewe, na hukatwa alama kwa utiifu huo kila muhula.

Kalamu nyekundu kwa kawaida huandika pembeni kwamba hayo ni "athari ya lugha ya mama". Mashtaka haya hayasimami yote. Kuja kwa Ekegusii ni ogocha, na amri yake ni inchwo, neno ambalo halifuati kanuni ya Ekegusii hata kidogo na ambalo, kwa jinsi nch inavyotamkwa kule, limekaa karibu mno na njoo. Kama lugha ya mama ingekuwa ndiyo inayomwongoza mtoto, angesema njoo bila kufundishwa. Kuhusu leta, ushahidi ni mzito zaidi, kwa sababu Ekegusii husema reta, na -a yake iko wazi. Kuhusu enda, kuna genda, ambayo inaweza kuwa ilishawishi kidogo. Lakini watoto wa Nairobi ambao hawajawahi kuisikia Ekegusii husema enda na leta vile vile, na hata madereva wa Mlima Kenya, na sehemu kubwa ya Bunge. Inchwo, kwa vyovyote, iachiliwe huru.

Matatizo ya kweli huanza pale kuja ya Marani inapokutana na sikio la pwani. Kwa sikio hilo kuja si amri. Ni jina la tendo, kama kulala au kuoa, na likitajwa mwanzoni mwa sentensi lazima lifuatwe na habari yake. Mgeni kutoka Lamu anapita kwenye safu ya wauza viatu vya mitumba, na muuzaji mmoja anamwita: "Kuja hapa!" Mgeni anasimama pale pale, ameinamisha kichwa kidogo, anasubiri sentensi iishe. Kuja hapa kumefanya nini? Kuja hapa ni hatari? Kuja hapa ni nusu bei? Muuzaji naye anaona mteja amesimama mbali anamtazama tu, anarudia kwa sauti kubwa zaidi, "Kuja, kuja!", na mgeni anaelewa kwamba jambo hilo, lolote liwalo, limeongezeka. Watu wawili wanaosema lugha moja wanaweza kukaa hivyo muda mrefu.

Safari ya upande wa pili ina ajali yake. Kimvita, lahaja ya Mombasa, huweka nd mahali pengi ambapo Kiunguja huweka nj: njia ni ndia, njaa ni ndaa, na njoo, bila huruma, ni ndoo. Kijana wa Marani aliyepata kibarua cha kumsaidia fundi mwashi huko Mombasa anasikia kutoka juu ya jukwaa la miti: "Ndoo!" Anajaza maji, anapanda. Fundi anatazama ndoo, anatazama kijana, anaiweka kando, anamwonyesha tofali alilotaka lishikwe. Dakika kumi baadaye: "Ndoo!" Inapanda ya pili. Mahali pengine kosa hili lingegunduliwa upesi, lakini kwenye ujenzi ndoo ya maji haiwi ngeni wakati wowote, na fundi huishia kuamini kwamba amepewa msaidizi mwenye bidii ya ajabu na kiu ya kutisha. Inakuwa mbaya zaidi wasaidizi wakiwa wawili, maana wito hugeuka "ndooni", ambao ni njooni kwa Kimvita na ni ndani ya ndoo kwa kila mtu mwingine. Wote wawili huinama kutazama kilichomo.

Ilibaki kidogo tu kijana huyo asipate taabu. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulipokaa kuchagua lahaja ya kusanifishwa kwa Afrika Mashariki, Kimvita kilikuwa na watetezi wake, na Kiunguja kikashinda. Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ikaieneza njoo kwa vitabu hadi milimani. Kama kura zingeangukia upande wa pili, watoto wa Marani wangekuwa wanakariri ndoo, nao wangekuwa wanasahihishwa kila mara kwa kusema kuja. Hilo lisingebadilika.

Wala Wakenya hawako peke yao katika utiifu huu. Katika Kiswahili cha mashariki mwa Kongo na Katanga, kuja ni kuya, na anayemwita mwenzake husema kuya, basi, ku- ikiwa imekaa mahali pake kama kwenye kula. Waajentina walifanya usafi kama huo kwa Kihispania chao. Badala ya ven husema vení, badala ya pon husema poné, badala ya haz husema hacé, vyote vimenyooka, na pale kwenda kulipowashinda kabisa walikitupa kitenzi chenyewe wakaazima kingine, andá. Nchini Uhispania, amri ya kuwaambia watu wengi waondoke iliandikwa idos kwenye vitabu na haikusemwa na mtu. Watu walisema iros. Mwaka 2017 Akademia ya Kifalme ilisalimu amri, ikaikubali iros ikae kando ya idos. Walimu wa Kiswahili wanaosoma habari hiyo wasifanye haraka kuwaonyesha wanafunzi wao.

Kuja ikishawekwa huru haitulii. Mkenya amegundua kwamba ikipewa na, inaweza kufanya kazi ya lete, na hivyo kumwondolea kitenzi kingine kigumu: "Kuja na chai." Katika mkahawa wa kando ya barabara agizo hili halina shida, mhudumu huja na chai. Shida iko kwenye simu. Mwenyeji anamwalika rafiki yake wa Tanga na kumkumbusha: "Kesho kuja na mandazi." Rafiki anasikia tangazo la ratiba, kwamba kesho kuna ujio fulani wenye mandazi, na anafika asubuhi mikono mitupu, na njaa tayari.

Amri ikielekezwa kwa watu zaidi ya mmoja huongezwa -ni, na -a ya mwisho hugeuka -e: someni, ingieni, kuleni, kunyweni. Waasi watatu hapa hutulia kidogo: njooni, nendeni, leteni. Watiifu nao wana kujeni, endeni na leteni, na katika hili la mwisho hatimaye pande zote hukutana, kwa bahati. Vitenzi visivyoishia kwa -a havigeuzi kitu: rudini, jibuni, ketini. Ni hapa ile kazi nyepesi iliyotajwa mwanzoni inapolipiza. Mshereheshaji kwenye mazishi, mbele ya umati uliojaza uwanja wa boma na kufurika hadi kwenye migomba, ana kipaza sauti mkononi na hamu ya kusema Kiswahili kinachostahili marehemu. Anaanza salama, "Simameni tuombe." Wanasimama. Sala inaisha. Sikio lake limeshakolea -eni, naye anatangaza: "Keteni!" Watu wa mbele, ambako walimu wamekaa, wanabaki wima kwa sekunde moja zaidi kama njia ya kupinga. Wa nyuma walikuwa wamekaa tangu zamani. Kuna pia mshereheshaji asiyetumia -ni kamwe, anayeuambia umati wa watu mia nne "Keti", na kila mmoja anatazama jirani yake kujua ni nani aliyeambiwa.

Mtendwa akiingia ndani ya kitenzi, mambo hugeuka tena. Nisaidie, mwite, yaoshe, kifunge: -a hugeuka -e, na vitenzi vifupi vinaipoteza ile ku- yao iliyong'ang'ania, kwa kuwa sasa kiambishi cha mtendwa kinaubeba mkazo. Chakula kile, ugali ule, ndizi ile. Hili la mwisho lina ajali iliyojificha ndani. Mama anayemwachia mtoto ndizi mbili, moja mkononi na moja juu ya kabati, na kumwambia "Ndizi hii ile, ile usiile", amesema Kiswahili kisicho na doa, naye atakuta kabati tupu.

Kupa ni kisa cha peke yake. Hakiwezi kuamriwa bila kutajwa anayepewa, hakuna "pa!" wala "kupa!", na umbo sanifu ni nipe, mpe, wape. Umbo hilo ni fupi na lina ukali wake. Likisemwa dukani husikika kama la mtu aliyeshika panga. Mkenya ameurefusha mzizi, akapata kupea, ambao una silabi mbili za kutosha na hufuata kanuni zote bila manung'uniko: nipee, mpee, wapee. Katika vioski vya Marani hata hiyo imeanza kuonekana ya haraka mno, na mteja mwenye adabu husema "Nisaidie na chumvi", kauli ambayo mgeni anaweza kuidhania kuwa ombi la sadaka mpaka aone pesa zikitolewa. Mwenye duka hajawahi kuchanganyikiwa. Anasaidia, anahesabu, anarudisha chenji.

Amri mbili zikifuatana, ya pili huvaa umbo la matakwa na mara nyingi huchomekwa -ka-: nenda ukanunue, nenda kaoge, njoo uone. Mlolongo huu ndio chombo kikuu cha utawala wa nyumbani. Hakuna mzazi anayemtuma mtoto kwa kitenzi kimoja. "Nenda dukani ukanunue chumvi, upitie kwa nyanya ukamwambie aje, urudi upesi." Vitenzi sita, na mtoto hufika dukani akiwa na viwili. Kwa Kiswahili cha Marani agizo hilo hilo husemwa hivi: "Enda duka ukuje na chumvi, na umwambie nyanya akuje." Msomaji mwangalifu atakuwa ameiona ku- ikiwa imejipenyeza mahali ambapo sarufi sanifu haikuialika. Sanifu inataka uje, aje, ule, unywe, kwani u- na a- zinatosha kuubeba mkazo. Lakini aliyekwisha kuamini kwamba kuja ni kuja hana sababu ya kumvua ku- yake katikati ya safari, na hivyo husema ukuje, akuje, ukule, ukunywe, kwa uthabiti ambao ungewafurahisha watunga sheria wa nchi yoyote. Nyanya huja kwa vyovyote. Kinachosahauliwa ni chumvi.

Kuwa hufuata njia hiyo hiyo na hakihitaji maneno mengi: kuwa mpole, kuweni wapole, na zaidi ya yote uwe mpole, ambayo mitaani ni ukue mpole. Huambiwa hasa watu ambao tayari wamekasirika, na haijulikani kuwa imewahi kumtuliza yeyote.

Hilo la matakwa linafungua upande wa heshima. Pwani, amri tupu kwa mtu mzima ni ukosefu wa malezi, na "njoo" humfaa mtoto, mdogo wako au paka. Mtu wa kuheshimiwa huambiwa naomba uje, au tafadhali uje, au huulizwa kama angependa kuja. Marani heshima hiyo ina jina lake, chinsoni, na sheria zake hazikuishia kwenye kitenzi. Kwa mfano, baba mkwe haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa, na mke wa mwana hamwamrishi baba mkwe kwa umbo lolote, liwe sanifu au la mtaani. Hali hii huleta tatizo la kisarufi kila jioni chai inapoiva, maana mzee hawezi kuambiwa njoo, wala kuja, wala uje, na hata akiambiwa hana pa kuingia. Mkamwana hulitatua kwa kusimama mlangoni, macho yakiwa upande wa migomba, na kutangaza kwa faida ya boma zima kwamba chai imeiva. Mzee yuko kwenye kigoda chake chini ya mparachichi, ameisikia harufu yake muda mrefu. Anakohoa, anavuta kimya kidogo ili isionekane alikuwa akingoja, kisha anasema, "Leta." Sarufi sanifu ingetaka lete, na hakuna mtu katika boma lile atakayemwambia.